Kukusanya orodha kwenye swali la SQL pale kanzidata isipokuwa na arei

Ukiwa na PostgreSQL, kuuliza kila chombo kimeshusha nini leo pale Kibirizi, mwalo (mahali pa kushushia samaki) wa Kigoma, ni kazi ya array_agg: mstari mmoja kwa kila chombo, na ndani yake arei kamili, yaani orodha nzima ndani ya safu moja. MySQL, MariaDB na SQLite hazina aina hiyo ya data. Wengi hukimbilia GROUP_CONCAT, fanksheni inayounganisha thamani za kundi kuwa matini moja, wakapata matini yenye mikato, wakaichanachana upya ndani ya programu, na mambo yakaenda vizuri mpaka siku mwalo unapofurika vyombo.

Msimamo wetu ni huu: matini iliyounganishwa ni ya macho ya mtu. Kama msomaji ni programu, ipe JSON (muundo wa matini unaofunga kila thamani kwa alama zake), au ipe mistari ya kawaida iipange yenyewe.

Mifano yote inatumia jedwali hili, linalofanana na daftari la takwimu la mwaloni:

```sql
CREATE TABLE mavuno (
  id      INTEGER PRIMARY KEY,
  mwalo   VARCHAR(40) NOT NULL,
  chombo  CHAR(8) NOT NULL,
  tarehe  DATE NOT NULL,
  aina    VARCHAR(60) NOT NULL,
  kilo    DECIMAL(8,1)
);
```

Safu ya kilo imeachwa iruhusu NULL, yaani kutokuwa na thamani, kwa makusudi. Mzigo huandikwa unaposhushwa, na mizani huja baadaye. Hiyo NULL ndiyo itakayotusumbua huko mbele.

GROUP_CONCAT, na pale inapokata

Kwa ripoti ya kubandika ukutani, hii inatosha:

```sql
SELECT mwalo,
       COUNT(DISTINCT chombo) AS idadi,
       GROUP_CONCAT(DISTINCT chombo ORDER BY chombo) AS vyombo
FROM mavuno
WHERE tarehe = '2025-03-04'
GROUP BY mwalo;
```

Kwenye MySQL, matokeo ya GROUP_CONCAT yana kikomo cha baiti 1024 usipobadilisha chochote. Yakizidi, hukatwa. Swali halikatai, linaacha onyo tu, na programu nyingi hazisomi maonyo. Angalia hesabu yake kwa karibu. Namba ya chombo kama KG-00417 ni herufi 8, na mkato unafanya 9. Namba 113 pamoja na mikato iliyo kati yake ni baiti 1016. Zinabaki 8: moja ni ya mkato, saba ni za namba ya 114, ambayo inahitaji 8. Kwa hiyo KG-00417 inatoka KG-0041. Haionekani kama kosa. Inaonekana kama chombo kingine. Na kama vyombo vilikuwa 114 kamili, hata ukihesabu mikato utapata 114 na utaridhika.

Dawa ni kupandisha kikomo kabla ya swali, kwenye muunganisho uleule:

```sql
SET SESSION group_concat_max_len = 1000000;
```

Neno SESSION lina uzito. Kama programu yako inaazima miunganisho kutoka kwenye hazina ya pamoja, amri hii iendeshwe kila muunganisho unapofunguliwa. Ukiiendesha mara moja programu inapowaka, muunganisho mmoja utakuwa sawa na mingine itaendelea kukata, na utasumbuka kutafuta kwa nini ripoti ileile leo ni nzima na kesho pungufu. MariaDB tangu toleo 10.2.4 ina kikomo cha takriban megabaiti moja, ndiyo maana kinachofanya kazi kwenye kompyuta ya mtengenezaji yenye MariaDB huharibika kwenye seva ya MySQL. Kumbuka pia kwamba kikomo kinahesabu baiti, si herufi: ile alama iliyopinda ya ng’ ambayo simu huiweka yenyewe inakula baiti 3.

Tatizo la pili ni kitenganishi. Aina za samaki zikiandikwa “dagaa, wabichi” na “dagaa, wakavu”, mkato wa ndani na mkato wa kutenganisha haviwezi kutofautishwa tena. Kubadilisha kwa SEPARATOR ' | ' kunasaidia mpaka mtu aandike alama hiyo kwenye jina. Kwa namba za vyombo zenye umbo moja hakuna shida. Kwa maneno yanayoandikwa na watu, acha njia hii.

Usikusanye orodha mbili sambamba

Hili ndilo kosa baya kuliko yote, kwa sababu matokeo yake hupendeza macho:

```sql
SELECT chombo,
       GROUP_CONCAT(aina ORDER BY id) AS aina,
       GROUP_CONCAT(kilo ORDER BY id) AS kilo
FROM mavuno
WHERE tarehe = '2025-03-04'
GROUP BY chombo;
```

Nia ni kwamba kipengele cha kwanza cha aina kiende na cha kwanza cha kilo. Lakini GROUP_CONCAT huruka NULL. Chombo kikishusha dagaa ambao hawajapimwa, migebuka kilo 62.0 na sangala kilo 15.5, orodha ya aina itakuwa na vitu vitatu na ya kilo viwili. Programu itawapa dagaa kilo za migebuka, na migebuka kilo za sangala. Ukiweka IFNULL(kilo, '') unaziba tundu hilo, ila bado unategemea mpangilio wa orodha mbili ulingane daima.

Funga vitu vinavyokwenda pamoja kwenye kifurushi kimoja:

```sql
SELECT chombo,
       JSON_ARRAYAGG(
         JSON_OBJECT('id', id, 'aina', aina, 'kilo', kilo)
       ) AS mizigo
FROM mavuno
WHERE tarehe = '2025-03-04'
GROUP BY chombo;
```

JSON_ARRAYAGG ipo kwenye MySQL tangu 5.7.22 na kwenye MariaDB tangu 10.5. Hairuki NULL; inaiandika null, na uhusiano unabaki. Mkato ndani ya jina hauna madhara tena, maana kila neno limefungwa kwa alama zake.

Ina masharti yake. Kwenye MySQL haikubali ORDER BY wala DISTINCT ndani, na mpangilio wa vipengele hauna dhamana. Ndiyo maana id imetiwa ndani ya kifurushi, ili programu ipange yenyewe. MariaDB inavikubali vyote viwili. Ukihitaji kuondoa marudio kwenye MySQL, anza na swali dogo la SELECT DISTINCT, kisha kusanya juu yake. Na kwa fedha, tuma CAST(shilingi AS CHAR): Python na JavaScript husoma namba za JSON zenye nukta kama desimali za kukadiria, na senti zinaweza kupotoka.

Unapounganisha majedwali mawili ya watoto

Majedwali ya watoto ni yale yenye mistari mingi kwa kila chombo, kama mavuno. Ongeza jedwali la gharama: petroli, barafu, posho. Chombo kina mizigo 3 na gharama 2. Ukiyaunganisha moja kwa moja kwa namba ya chombo utapata mistari 6, kila mzigo ukijirudia mara mbili. Kishawishi ni kuweka DISTINCT. Usiweke. Mizigo miwili halali ya kilo 50.0 itageuka mmoja, na mvuvi atakuwa amepunjwa kilo 50 na swali la SQL.

Kusanya kila jedwali peke yake kwanza, kisha unganisha:

```sql
SELECT m.chombo, m.mizigo,
       COALESCE(g.orodha, JSON_ARRAY()) AS gharama
FROM (SELECT chombo, JSON_ARRAYAGG(kilo) AS mizigo
      FROM mavuno
      WHERE tarehe = '2025-03-04'
      GROUP BY chombo) m
LEFT JOIN
     (SELECT chombo,
             JSON_ARRAYAGG(JSON_OBJECT('kitu', kitu,
                           'shilingi', CAST(shilingi AS CHAR))) AS orodha
      FROM gharama
      WHERE tarehe = '2025-03-04'
      GROUP BY chombo) g
  ON g.chombo = m.chombo;
```

COALESCE iko pale ili chombo kisicho na gharama kirudishe orodha tupu. Ungefanya LEFT JOIN kwanza na kukusanya baadaye, ungepata orodha yenye kifurushi kilichojaa null kwa kila mzigo, na programu ingehesabu gharama zisizokuwepo.

SQLite kwenye simu

Karani wa Katonga au Ujiji anayeandika bila mtandao ana SQLite mkononi. Hapa fanksheni ni group_concat na json_group_array. Kabla ya lolote endesha SELECT sqlite_version(), kwa sababu Android hutumia toleo lililokuja na mfumo wa simu. Fanksheni za JSON zimekuwa sehemu ya kawaida tangu 3.38.0 ya mwaka 2022. Kabla ya hapo zilitegemea aliyeijenga. ORDER BY ndani ya group_concat imekuja na 3.44.0 ya Novemba 2023. Pia group_concat(DISTINCT aina, '|') inakataliwa: DISTINCT inataka kitu kimoja tu ndani ya mabano. Toa marudio kwenye swali la ndani.

Kwa simu za zamani ushauri wetu ni mwepesi: usikusanye kabisa. Omba mistari iliyopangwa, ukusanye kwenye programu. Kwa Python ni hivi:

```python
from itertools import groupby
# SELECT chombo, aina, kilo FROM mavuno ORDER BY chombo, id
for chombo, kundi in groupby(mistari, key=lambda m: m[0]):
    mizigo = [(m[1], m[2]) for m in kundi]
```

ORDER BY chombo si pambo: groupby hukusanya mistari iliyofuatana tu. Ukiisahau, chombo kimoja kitatokea makundi mawili au matatu. Njia hii inapitisha data nyingi kidogo, lakini haina kikomo cha baiti, haina kitenganishi, na NULL inabaki NULL. Kwa mistari elfu kadhaa hutaona tofauti ya kasi.

Kupeleka orodha upande wa pili

Bila arei, huwezi pia kuingiza orodha kama kigezo kimoja. Usiunganishe maneno kutengeneza IN (...), huko ndiko watu huingiza amri zao. Peleka JSON. Kwenye SQLite:

```sql
SELECT * FROM mavuno
WHERE chombo IN (SELECT value FROM json_each(?));
```

Kwenye MySQL 8.0 na MariaDB 10.6 kazi hiyo ni ya JSON_TABLE. FIND_IN_SET(chombo, ?) inaonekana fupi, ila haitumii indeksi, itapitia jedwali zima kila mara.

Kabla ya kukabidhi ripoti yoyote iliyobaki na GROUP_CONCAT, ijaribu kwa siku yenye vyombo vingi kuliko zote, kisha soma SHOW WARNINGS. Linganisha pia LENGTH(vyombo) na @@group_concat_max_len. Urefu ukikaribiana na kikomo hata kwa baiti chache, hesabu orodha hiyo kuwa imekatwa, hata kama idadi imelingana.