Kupima kifua kikuu cha ng'ombe kwa ngozi ya shingo: chupa mbili, saa 72

Kipimo hiki kinataka chupa mbili za tuberkulini (dawa iliyotokana na vimelea vya kifua kikuu, inayochomwa kwenye ngozi kuona kama itavimba), moja ya ng'ombe na moja ya ndege. Wapo wanaoiacha ya ndege ili kupunguza gharama, na hapo ndipo ng'ombe wazima wanapochinjwa bure. Ng'ombe anayelala karibu na kuku anaweza kukutana na vimelea vya kifua kikuu cha ndege, Mycobacterium avium, asiugue kabisa, lakini ngozi yake ikavimba hata kwa tuberkulini ya ng'ombe. Ukiwa na chupa moja hutajua uvimbe umetoka wapi. Bomani kwenye kuku wanaozurura, kipimo cha chupa moja nakikataa.

Kazi hii ni ya daktari wa mifugo au mtaalamu anayemsimamia. Mfugaji naye asome, ajue anachofanyiwa.

Hatua ya 1: Nani apimwe

Mwache kwanza aliyezaa ndani ya wiki 6, maana ngozi yake inaweza isijibu ingawa anaumwa. Mwache aliyechomwa tuberkulini ndani ya siku 42, na aliyepewa deksamethasoni (dawa inayopunguza kinga ya mwili) karibuni. Ng'ombe aliyekonda sana na anayekohoa anaweza naye kutoa majibu safi kwa sababu mwili umechoka kupambana. Huyo mtenge, usimpe cheti.

Hatua ya 2: Vifaa

Chupa zikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, mbali na mwanga, zisigande. Mabomba mawili ya kutoa 0.1 ml kwa mbonyezo mmoja, moja limefungwa utepe mwekundu na jingine wa bluu, na chupa zake utepe uleule. Bomba lililowahi kubeba ya ndege lisiguse ya ng'ombe. Bomba la insulini linafaa kwa ndama. Kwa dume la zebu sindano yake hupinda. Kalipa, kifaa cha kupima unene wa ngozi, iwe ya springi.

Hatua ya 3: Mfunge kwenye kibanio, kichwa kisicheze.

Hatua ya 4: Kata nywele, pima mkunjo

Sehemu ni mbili, upande mmoja wa shingo, pale theluthi ya mbele inapokutana na ya kati. Ya juu iwe sentimita 10 hivi chini ya ukingo wa shingo. Ya chini iwe sentimita 12.5 kutoka hapo. Juu ni ya ndege, chini ni ya ng'ombe, siku zote. Ndama mwenye shingo fupi choma moja kila upande. Kata kwa mkasi, usinyoe kwa wembe, maana ngozi iliyochubuka huvimba yenyewe. Kwepa kovu na pale kupe alipong'ata.

Shika mkunjo kwa vidole viwili, acha springi ya kalipa ibane yenyewe. Taja milimita kwa sauti, mwandishi airudie kabla ya kuandika pembeni ya namba ya hereni.

Hatua ya 5: Kuchoma

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Dawa inatakiwa ndani ya ngozi, si chini yake. Ikipita chini itasambaa, siku ya tatu hutakuta kitu, na ng'ombe mgonjwa atarudi zizini na karatasi ya uzima.

Inua mkunjo, ingiza sindano fupi kwa mshazari, mdomo wake ukitazama nje. Bonyeza taratibu. Ukiwa mahali sahihi bomba hugoma kidogo, kama unasukuma kitu kigumu. Likiteleza kwa ulaini, umepita. Toa sindano, pitisha ncha ya kidole: lazima uguse kinundu kama punje ya mbaazi. Usikitafute kwa macho, kwenye ngozi nene hakionekani. Kama hakipo, au dawa imetiririka nje, usiandike kwamba amechomwa. Sogea pembeni kidogo, pima mkunjo mpya, uchome upya.

Kagua kinundu kwa kila ng'ombe na kila sehemu, hata kwenye kundi la mia. Angalia pia kama bomba limevuta hewa. Povu dogo tu linakula dozi.

Hatua ya 6: Kusoma

Ni saa 72, usipishane nazo kwa zaidi ya saa 4. Ukichoma Jumatatu saa 3 asubuhi, soma Alhamisi saa 3 asubuhi. Usianze siku ambayo ya tatu yake ni mnada. Apime mtu yuleyule, kwa kalipa ileile, na safu ya vipimo vya kwanza ifunikwe kwa karatasi ili mkono usifuate macho. Gusa hata pale panapoonekana tambarare. Uvimbe wa maji unaobaki na shimo ukibonyezwa, maumivu, ukoko, au tezi ya mbele ya bega iliyovimba, viandikwe vyote.

Hatua ya 7: Hesabu

Tafuta ngozi imeongezeka milimita ngapi kila sehemu, kisha toa ongezeko la ndege kwenye ongezeko la ng'ombe.

Ndege 7 hadi 9 ni 2. Ng'ombe 7 hadi 14 ni 7. Tofauti 5: ana ugonjwa. Zaidi ya 4 ndiyo mpaka.

Ndege 7 hadi 9. Ng'ombe 7 hadi 13. Tofauti ni 4 kamili, na 4 si zaidi ya 4. Huyu ana shaka: kuanzia 1 hadi 4, kama hana dalili nilizotaja kwenye Hatua ya 6. Mtenge, umpime tena baada ya siku 42.

Ndege 7 hadi 15. Ng'ombe 7 hadi 12. Ngozi imevimba kote, lakini ya ndege imezidi. Hana. Chupa moja ingemchinja huyu.

Mwenye ugonjwa hatibiwi. Toa taarifa ofisi ya mifugo, mtenge mpaka achinjwe chini ya mkaguzi wa nyama. Maziwa ya kundi zima yachemshwe mpaka yafoke, maana Mycobacterium bovis hupita kwenye maziwa mabichi hadi kwa watoto.

Kama uvimbe wa ndege ni mkubwa kwa ng'ombe wengi, geukia kuku. Chinja tetea mzee aliyebaki mfupa wa kidari, upasue ini, bandama na utumbo. Ukikuta vinundu vya kijivu au vya njano, peleka sampuli maabara. Wakithibitisha, toa kundi lote, na usilete vifaranga kwenye udongo uleule: vimelea hivyo hukaa humo miaka.