Usichaji simu juani
Kama unauza sokoni Kibuye hapa Kisumu, tafadhali usiiache simu ya M-Pesa juani huku ikichaji kwa pawabanki. Betri za lithiamu, zilizomo ndani ya simu na zilizowapa wanasayansi Goodenough, Whittingham na Yoshino Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, huzeeshwa haraka na joto, hasa zikiwa zimejaa chaji. Jua la saa saba likichoma mabati, ivue simu kava, iweke kivulini chini ya meza, ipoe kwanza ndipo uchaji. Simu nyingi za siku hizi zina mpangilio wa kusimamisha chaji ikifika asilimia 80; uwashe. Na mgongo wa simu ukianza kufura, chomoa waya papo hapo, mpelekee fundi. Betri iliyofura usiitoboe kamwe, inaweza kuwaka moto.