Kabla ya kipindi cha kwanza cha sayansi ya kompyuta

Mwalimu aliyepangiwa sayansi ya kompyuta sekondari huanza kwa kuhesabu mashine. Zihesabiwe, ndiyo. Lakini vipindi vingi vinakwama kwa sababu mwalimu hakujua mapema wanafunzi wake watajikwaa wapi, na hilo linaweza kuandaliwa hata kwa kompyuta moja.

Soma muhtasari wa somo huku ukitenganisha mambo mawili. Kuandika barua na kupanga jedwali ni matumizi ya kompyuta. Sayansi yenyewe inahusu kulivunja tatizo liwe hatua, tena hatua zilizo wazi kiasi kwamba mashine isiyojua kukisia inaweza kuzifuata. Vipindi vikimezwa na hilo la kwanza, la pili halitapata nafasi.

Kisha keti kwenye kompyuta ya mwanafunzi, uingie kwa akaunti ya mwanafunzi, uandike kila programu utakayofundisha. Kompyuta yako ina ruhusa ambazo zao hazina. Kama unatumia lugha ya programu iitwayo Python, hakikisha mashine zote zina toleo moja: katika Python 2 amri ya print iliandikwa bila mabano, katika Python 3 kuyaacha ni kosa. Kila kinachohitajika kipakuliwe mapema, na ujue faili zao zitahifadhiwa wapi.

Programu ikishafanya kazi, iharibu kwa makusudi. Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Ondoa mabano, sahau nukta mbili, sogeza mstari mmoja kulia, halafu usome ujumbe wa kosa unaotokea na uuandike daftarini. Utaona kwamba mara nyingine ujumbe unataja mstari fulani ilhali kosa liko mstari wa juu yake. Jaribu pia kumwomba mtumiaji namba mbili kwa amri ya input na kuzijumlisha: akiingiza 5 na 5, jibu linakuwa 55, kwa kuwa Python 3 imezipokea kama maandishi na kuyaunganisha. Mwanafunzi akikutana na hilo bila wewe kujiandaa, ataamini kompyuta imeharibika.

Lipo pia kosa la kifikra, gumu kuliko yote. Mwanafunzi anayetoka kipindi cha hisabati akiona x = x + 1 atasema haiwezekani, na kwa hisabati yuko sahihi. Mweleze kwamba upande wa kulia hukokotolewa kwanza, kisha jibu hupewa jina lililo kushoto. Jina hilo linaloshika thamani huitwa kigeu, na wengi hukifananisha na sanduku. Mimi siupendi mfano huo, maana sanduku hubeba vitu viwili kwa pamoja. Ubao mdogo unafaa zaidi: ukiandika thamani mpya, ya zamani imefutwa.

Andaa angalau vipindi viwili visivyohitaji umeme. Kadi tano zenye nukta 1, 2, 4, 8 na 16, zikifunuliwa na kufunikwa, zinaonyesha kila namba kuanzia 0 hadi 31, na mfumo wa namba za jozi, yaani unaotumia 0 na 1 tu, unaeleweka kwa mikono. Siku nyingine, mwambie mmoja afiche namba kati ya 1 na 1000. Darasa likiuliza kila mara swali linalogawa zilizobaki nusu kwa nusu, maswali 10 yanatosha. Watataka kujua kwa nini, na hapo umeshaanza kufundisha algoriti, yaani mpangilio wa hatua za kutatua tatizo.

Wakigawana kompyuta wawili wawili, mmoja ashike kibodi, mwenzake asome na kuelekeza, wabadilishane kila baada ya dakika 10 kwa saa yako. Bila saa, aliyezoea kompyuta nyumbani hataachia kibodi.

Usiwaanzishie ukurasa mtupu. Wape programu fupi iliyokamilika, watabiri kwa maandishi itatoa nini, waiendeshe, waibadilishe kidogo, ndipo waandike ya kwao. Kwa wanaosuasua, chapisha mistari ya programu kwenye vipande vya karatasi, uvichanganye, wavipange.

Amua pia utapimaje uelewa, kwa sababu kunakili ni rahisi mno katika somo hili. Pita mezani, weka kidole kwenye mstari mmoja wa programu yake, umuulize: tukiufuta huu, nini kitabadilika?