Gitaa la kwanza: lipime kwa rula kabla ya kutoa hela

Wengi wanaoacha gitaa mapema hudhani vidole vyao ndivyo vizito. Mara nyingi shida ni nyuzi zilizokaa juu mno, na hilo lingeonekana dukani kwa dakika chache. Nenda na rula yenye milimita, kipande cha karatasi, na simu yenye programu ya kutuni, yaani kupatanisha sauti za nyuzi.

1. Chagua aina

Gitaa la klasiki lina nyuzi za nailoni, laini kwa vidole, ila shingo yake ni pana, kama milimita 52 upande wa kichwani. Galatoni, yaani gitaa kavu la nyuzi za chuma, ina kama milimita 43 na inanguruma vizuri ukipiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja), lakini ncha za vidole zitauma wiki za mwanzo. La umeme ndilo jepesi kubonyeza. Weka akiba ya amplifaya na waya wake. Kama unachotamani ni solo za dansi za aina ya Mbaraka Mwinshehe, nunua la umeme moja kwa moja. Hakuna ulazima wa kupitia galatoni.

Usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la klasiki. Seti ya chuma huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, ya nailoni kama 40. Daraja, kile kibao cha kwenye boksi kinachoshikilia nyuzi, litang'oka.

2. Tuni kwanza

Gitaa lililolegezwa nyuzi hudanganya: linabonyezeka kirahisi na shingo inaonekana imenyooka. Litunie E A D G B E, kuanzia uzi mnene, kisha ndipo uanze kupima.

3. Pima kimo cha nyuzi

Freti ni vile vyuma vilivyolala kukatiza shingo, vinahesabiwa kutoka kichwani. Simamisha rula juu ya freti ya 12, usome nafasi kutoka kichwa cha freti hadi chini ya uzi mnene. Galatoni nzuri husoma milimita 2 hadi 2.5, klasiki karibu 4. Galatoni ikifika 3.5, usikubali kuambiwa "utazoea".

4. Tafuta chanzo

Hapa usiwe na haraka. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya 1 na pale shingo inapoungana na boksi, kwa pamoja, kisha chungulia freti ya 7. Nafasi kati ya uzi na freti yenye unene wa karatasi mbili au tatu za daftari ni sawa. Ikizidi sana, shingo imepinda mbele. Kama ina chuma cha kurekebishia ndani, fundi ataikaza kwa spana. Magitaa mengi ya klasiki hayana chuma hicho.

Shingo ikiwa sawa na nyuzi bado ziko juu, tazama kile kifupa cheupe cha darajani. Kikiwa kimejitokeza vya kutosha, kinasuguliwa kwa chini: kushusha uzi milimita 1 kwenye freti ya 12, ondoa 2 kwenye kifupa. Lakini kikiwa tayari kimekaribia kuzama na nyuzi bado ziko juu, kiungo cha shingo kimenyanyuka. Achana nalo, matengenezo yake yanaweza kuzidi bei ya gitaa.

5. Sikiliza

Piga kila uzi kwenye kila freti. Mlio wa kukereketa mahali pamoja maana yake freti inayofuata imenyanyuka. Kisha gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kubonyeza, upate sauti ya kengele. Sasa bonyeza hapo hapo. Noti zote mbili zilingane kwenye simu. Zikitofautiana sana hata kwa nyuzi mpya, kodi zitatoka nje ya sauti kila ukipanda shingo, hata ukituni vizuri namna gani.

6. Daraja na funguo

Jaribu kupenyeza karatasi chini ya daraja upande wa nyuma. Ikiingia, gundi imeachia. Zungusha kila ufunguo wa kukazia. Unaoteleza au kuruka ubadilishwe kabla hujalipa.

Kwa mnunuzi wa Mombasa, Tanga au Zanzibar, uso wa plaiwudi unafaa kuliko ubao mzima, kwa sababu unavumilia zaidi unyevunyevu wa pwani. Nunua pia seti ya akiba ya nyuzi nyepesi, galatoni iwe .011 (unene wa uzi mwembamba kabisa, kwa inchi), na ufute nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, maana jasho na hewa ya chumvi huzitia kutu upesi. Ndani ya gari lililopaki juani usiliache kabisa. Joto hulainisha gundi ya daraja.