Tanka ya mtoto wako kwa Kiswahili, aliye hai au aliyetangulia

Tanka ni shairi la Kijapani la mistari mitano, mizani 5, 7, 5, 7, 7, jumla 31, na halina vina. Najua hapo kwenye vina mtu wa Lamu keshanuna, lakini subiri. Mizani hesabu vile vile tunavyohesabu sisi, "mtoto" ni tatu manake ile m yajitegemea, na wao n yao ikisimama peke yake nayo huhesabiwa, kwa hivyo hapo hupotei. Shida ni kunyamaza. Sisi twataka shairi la mtoto liwe na wosia, Mwana Kupona mwaka 1858 alimwachia bintiye utendi mzima wa dini na ndoa, na mapenzi ni yale, nani abishe, ila tanka haina hiyo nafasi, ukisema tu "mwanangu nakuusia" mstari wa kwanza ushafurika.

Basi anza na kitu cha kushika au kula. Yamanoue no Okura, mshairi wa zamani wa Kijapani, alikuwa gavana wa Chikuzen huko Kyushu, mzee tayari, na shairi lake refu la 728 liko kwenye Man'yōshū, diwani kongwe ya mashairi ya Kijapani: akila tikiti awakumbuka wanawe, sura zao zamjia machoni na usingizi hapati. Kisha ndo akatia tanka fupi yasema fedha, dhahabu, johari za nini, hazina gani ya kumfikia mtoto? Angeanza na dhahabu ingekuwa mawaidha tu, tikiti ndo lililomuokoa. Wewe yako yaweza kuwa mkate wa mofa, si lazima iwe kitu kizuri.

Wa kufiwa, polepole hapa. Kuna mashairi ya mtoto aitwaye Furuhi, wengi husema ni ya Okura, alikuwa akiomba kulala katikati ya babake na mamake. Alipofariki, kwenye tanka mojawapo mzazi amwambia mjumbe wa ahera: huyu mdogo, njia haijui, ntakulipa, mbebe mgongoni. Kwenye tanka hiyo neno la kulia halimo! Sisi kiimani hatusemi hivyo, sawa, lakini ona vile mzazi bado ahangaikia safari ya mtoto, hilo ndo la kuchukua.

Ukishindwa kusema kwa sauti yako, azima ya mtu mwengine. Ki no Tsurayuki, mshairi mwengine wa Kijapani, alirudi mjini Kyoto kwa bahari mwaka 935 kutoka mkoa wa Tosa alikokuwa gavana, bintiye kafia kule, na shajara ya safari akaiandika kana kwamba ni mwanamke ndo asimulia. Wenzake wafurahia kurudi kwao, yeye awaza yule asiyerudi.

Mfano, nimeutunga tu:

Kofia yake
msumarini iko
kusi yavuma
wenzake wenda pwani
naipangusa vumbi

Mistari miwili ya kwanza kitu, wa tatu hali ya nje, wa nne wenzake, wa mwisho mkono wafanya kazi. Si sheria hiyo, ila kwa mara ya kwanza yasaidia sana. Ukimaliza isome kwa sauti, ukikuta "moyo", "machozi" au "majonzi" futa uone kama shairi laanguka, mara nyingi halianguki.

Na ukiiweka stetasi andika mistari ishukiane, usiiunge, na yale mawaridi na mishumaa ya simu achana nayo.