Jinsi ya kuomba uanachama wa Maktaba ya Chake Chake bila kurudishwa nyumbani

Kabla hujapanda gari ya kwenda Chake Chake, Pemba, amua kwanza: unataka kusoma mule mule ndani, au unataka kuazima kitabu uende nacho? Hizi ni safari mbili tofauti. Anayetaka kusoma ndani huweka mkoba wake anapoelekezwa, huandika jina katika daftari la wageni, hutafuta kiti akatulia. Kama mtihani uko wiki ijayo na unachohitaji ni meza na kimya, usijichoshe na barua. Nenda na daftari lako na kalamu mbili.

Kuazima ndiko kwenye makaratasi, na sababu yake haina siri. Kitabu kikishatoka mlangoni, maktaba inataka kujua mambo matatu: wewe ni nani, unakaa wapi, na nani atajibu siku utakapokwenda Muscat na kitabu kimo mkobani. Kila karatasi utakayoombwa inajibu swali mojawapo kati ya hayo. Ukilielewa hilo, fomu haikutishi tena.

Wewe ni nani

Aliyefikia miaka 18 achukue Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, chenyewe pamoja na kopi yake. Aliye chini ya hapo abebe kopi ya cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha skuli. Ongeza picha mbili za paspoti, na nyuma ya kila picha andika jina lako kwa penseli. Wino wa kalamu hupenya ukatia doa usoni.

Hapa angalia majina, tena uyaangalie kwa makini. Sisi tuna jina, jina la baba na jina la babu, na kila mwandishi ana tahajia yake: Khamis wa cheti huwa Hamis skuli, Fatma akageuka Fatuma, Abdalla akapungua herufi au akaongezeka. Mwengine kwenye cheti ana majina matatu na skuli wanamjua kwa mawili. Linganisha nyaraka zako zote ukiwa nyumbani. Zikitofautiana, jaza fomu kwa jina lililo kwenye kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, kisha mueleze mtumishi wa kaunta mapema kwamba skuli wameliandika vyengine. Ukilisema mwenyewe mapema ni maelezo. Likigunduliwa baadaye, unaonekana unaficha.

Unakaa wapi

Hii ni kazi ya sheha, kiongozi wa serikali katika mtaa au kijiji chako (shehia). Barua yake ndiyo inayothibitisha kuwa wewe ni mkaazi, kwa hiyo itafute mwanzo kabisa, hata kabla ya picha. Sheha naye ana shamba, ana mazishi ya kuhudhuria na ana kesi za mipaka za kusuluhisha. Usimvamie saa ya chakula. Mpigie simu au mtume mtoto akaulize atapatikana lini, kisha nenda wewe mwenyewe na kitambulisho chako, umsalimie vizuri na umwambie shida yako kwa sentensi moja: "Asalam aleikum mzee, naomba barua ya kunitambulisha maktaba ya Chake, nataka kujiunga ili niweze kuazima vitabu."

Kabla hujaondoka isome barua hapo hapo mbele yake. Iwe na majina yako kamili, jina la shehia, madhumuni ya barua, tarehe, saini na muhuri. Nayasema haya kwa sababu yamenikuta. Niliwahi kuingia afisi moja nikiwa na barua nzuri ya "kwa anayehusika", ina muhuri na saini, lakini haina tarehe wala haisemi ninaombewa nini. Nilirudishwa. Siku mbili zilipotea, na nauli mara mbili, kwa mstari mmoja ambao ungeandikwa kwa dakika moja.

Wanafunzi huniuliza: mimi kwetu Micheweni ila nakaa kwa shangazi hapa Chake, niende kwa sheha gani? Nenda kwa sheha wa unapolala sasa, na shangazi afuatane nawe kwa sababu yeye ndiye anayejulikana pale. Uliyeko dahalia (bweni la skuli), uliza kwanza kama barua ya mwalimu mkuu yenye muhuri wa skuli inatosha.

Nani atajibu

Mdhamini si mtu wa kujaza nafasi iliyobaki kwenye fomu. Kitabu kikipotea, yeye ndiye atakayeulizwa. Tafuta mtu mzima mwenye kazi inayojulikana na anwani isiyohamahama: mwalimu, muuguzi, mtumishi wa serikali. Mfuate kwake, usimuombe kwa ujumbe wa simu. Akisema hawezi, mshukuru na usimnunie. Mimi nilimdhamini mtoto wa dada yangu, akaweka kitabu chini ya paa la makuti lililokuwa likivuja, na masika yakafanya kazi yake. Nilitafuta nakala nyengine nikalipa. Hatujagombana, ila siku hizi kila akiniona na mwavuli anacheka.

Ukitakiwa barua ya udhamini badala ya sehemu ya kwenye fomu, maneno kama haya yanatosha:

"Mimi (majina matatu), mwenye kitambulisho namba …, mfanyakazi wa …, namdhamini (majina ya muombaji) katika maombi yake ya uanachama wa maktaba. Iwapo atapoteza au kuharibu kitabu alichoazimishwa, nitahakikisha kinarejeshwa au kinalipwa. Saini, tarehe, namba ya simu."

Siku ya kwenda

Nenda asubuhi ya siku ya kazi. Ijumaa karibu na swala usijaribu, na mwezi wa Ramadhani wahi zaidi. Omba fomu, jaza kwa herufi zinazosomeka, na usiache nafasi tupu. Pasipokuhusu piga mstari. Malipo mengi ya serikali Zanzibar siku hizi hupitia ZanMalipo, mfumo wa serikali wa malipo kwa mtandao, kwa hiyo ukipewa namba ya malipo, lipa kwa simu au benki na uuhifadhi ujumbe. Ukilipa taslimu, usiondoke bila risiti.

Hapo hapo kaunta uliza: vitabu vingapi kwa mara moja, kwa siku ngapi, naweza kuongeza muda kwa simu, na faini ya kuchelewa ni kiasi gani? Majibu yaandike kwenye simu yako. Wakati wa karafuu, watu wakiwa mashambani, tarehe ya kurejesha husahaulika kwa urahisi kabisa.

Ukishapata kadi

Vitabu maktabani hupangwa kwa mada, na namba iliyobandikwa mgongoni ndiyo ramani. Mfumo unaotumika katika maktaba nyingi duniani ni wa Mmarekani Melvil Dewey, wa mwaka 1876. Chukua namba chache uende nazo: 297 ni Uislamu, 510 hisabati, 630 kilimo, 496.392 lugha ya Kiswahili, 896.392 fasihi ya Kiswahili, na 967.81 ni historia yetu sisi, Unguja na Pemba. Vitabu vya rejea, kama kamusi kubwa, kwa kawaida havitoki nje hata kwa mwenye kadi.

Jengine linalowachanganya watu: Maktaba ya Chake Chake iko chini ya Shirika la Huduma za Maktaba Zanzibar, ambalo makao yake yako Maisara, Unguja. Dar es Salaam kuna Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na hicho ni chombo chengine, kwa sababu elimu ya skuli si jambo la Muungano. Kwa hiyo kadi uliyoipata ulipokuwa ukisoma Dar isikufanye udhani umemaliza. Na mwenye kutafuta hati za zamani, barua za enzi za masultani au mafaili ya serikali ya kikoloni, maktaba siyo mahali pake. Hizo zimehifadhiwa kwenye afisi ya Nyaraka za serikali, Kilimani, Unguja, na huko kuna utaratibu wake wa kibali cha utafiti. Kwa historia ya Pemba ya kutazama kwa macho, makumbusho yamo ndani ya ngome ya Chake, unaweza kupita siku hiyo hiyo.

Ukihama shehia, peleka barua mpya kabla hujaazima kitabu chengine. Ukisafiri kwa muda mrefu, rejesha kila ulichonacho, hakikisha kimefutwa kwenye jina lako, kisha mpigie mdhamini wako umwambie.