Jinsi ya Kucheza Coffee Talk Usiku wa Mvua

Usianze mchana. Ngoja watoto walale, zima taa, vaa hedifoni. Gemu hii ya Toge Productions ya Indonesia, iliyotoka 2020, haina vita wala mbio: unauza kahawa usiku mjini Seattle, mvua inanyesha dirishani, na wateja wako ni watu na viumbe vya ngano.

Kila kinywaji kina viungo vitatu. Freya, mwandishi wa gazeti, akiagiza espreso, weka kahawa mara tatu, basi. Wengine huzunguka mbuyu, hawasemi wazi wanachotaka. Hao wasome polepole, kwani ukikosea kikombe hadithi yao hugeuka. Mimi niliharakisha, nikalazimika kurudia. Kuchora kwa maziwa juu ya kahawa? Mpaka leo natoa muhogo.